Jumanne ya Pili

Mji ule umekaa kama mtu kwenye kiti cha kinyozi: kichwa kimeinama, shingo iko wazi, wembe uko nyuma, naye anauliza matokeo ya mpira. Jina lake usiulize. Ukitajiwa utalitafuta kwenye ramani, ukilikosa utasema uongo, ukilipata utasema wajinga ni wenyeji, si wewe. Ni mji. Una soko, una sekondari moja, una mto unaokatiza katikati, na nyuma yake una mlima.

Mlima hauitwi mlima. Unaitwa Mkwe. Mtu wa kwanza kufika pale, wanasema, alimwoa binti wa mlima, na binti mwenyewe ndiye huo mto. Basi wote waliofuata wamezaliwa ukweni. Na mkwe, kila aliyelelewa anajua, hatazamwi usoni. Hutafuni mbele yake. Hupazi sauti. Mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia kwenye majani. Kwa adabu hiyo mji mzima umejengwa ukimpa mgongo: milango yote upande wa pili, na dirisha lolote ambalo fundi mgeni alilitoboa upande ule lilizibwa kwa tofali kabla rangi haijakauka. Ni watu hodari wa kuheshimu. Wameheshimu mpaka watoto wakaanza kupungua.

Maana Mkwe aliwahi kuja. Ilikuwa Jumatano, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mvua ya tatu mfululizo. Kidato cha Pili walikuwa wanaitwa majina. Mwanafunzi mmoja alisema, "Mwalimu, nyuma kuna kitu kinanguruma." Mwalimu Mkuu Pazi, kalamu mkononi, akasema, "Kaa chini, tumalize mahudhurio." Akaita jina la Siwema. Siwema akafungua mdomo kuitika, na Mkwe akaingia kupitia ukutani, akiwa tope, bila hodi, akakaa juu ya watoto kumi na mmoja waliokuwa viti vya nyuma.

Mji ukafanya nini? Ukaifuta Jumatano. Baraza lilikaa nusu saa, chai ikiwemo, likaamua siku hiyo haipo. Yenyewe iliendelea kuja kila wiki, maana siku hazisomi matangazo, lakini ikaitwa Jumanne ya Pili. Ukuta ukajengwa upya pale pale, mnene zaidi, bila hata tundu la mjusi. Neno "kufa" likakatazwa lisimtie Mkwe aibu. Wale kumi na mmoja walikuwa "wamekaribishwa". Na aliyekaribishwa atarudi, kwa hiyo jina lake halifutwi. Kila jina likapewa mwanafunzi aliye hai, aliitikie.

Darasa nalo likakwama. Huwezi kupanda kidato ukawaacha wenzako kumi na mmoja chini. Mwaka uliofuata walikuwa Kidato cha Pili, na uliofuata huo vilevile. Sketi zilipanda juu ya magoti, wavulana wakaota ndevu, magego ya mwisho yakachomoza, na ubaoni mada ikawa ile ile: sehemu za ua.

Masika alikuwa na miaka kumi na tano kwa mara ya tatu. Alipewa Siwema.

Hakupewa kwa bahati nasibu. Walikuwa dawati jirani, na asubuhi ile Siwema alimwomba wabadilishane nafasi, kwa kuwa viti vya nyuma mwalimu haoni mtu akila karanga. Wakabadilishana. Siwema alimwachia konzi moja ya karanga kama shukrani. Basi. Hakuna kingine. Ulimwengu mzima wa Masika ulining'inia kwenye konzi ya karanga, na hakuna mtu mji mzima ambaye angeweza kumwambia, kwa sababu maneno ya kuisemea yalikuwa yamekatazwa.

Kila asubuhi alimalizia jibu ambalo Siwema alilianza. Alifanya mazoezi mara mbili, daftari lake na daftari la Siwema. Siwema alipokosea hesabu, Masika alisimama dakika tano. Masika alipopatia, sifa zilienda kwa mwenye jina. Jumapili mama yake Siwema alimkalisha kwenye mkeka, akamsuka twende kilioni, mtindo wa Siwema, akimwita mwanangu kwa sauti ya mtu anayejua na hataki kujua. Mwezi fulani Masika aliona anaandika kwa mkono wa kushoto. Siwema ndiye aliyekuwa wa kushoto.

Siwema? Nipo. Masika? Nipo. Wapi? Kama mimi ndiye ninayeitika kwake, kwangu anaitika nani? Mtu mmoja akikalia viti viwili, kuna kimoja ambacho kiko kitupu, na hakuna anayekiona kwa sababu sauti inatoka. Sauti si mtu. Hata mlango unatoa sauti. Siku moja nitanyamaza, nione ni nani kati yetu atakayenyamaza.

Hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya kukaza meno, mpaka fundi wa meno akamuuliza huwa anatafuna nini usiku. Akamjibu, "Adabu."

Halafu akaja Bi Tausi. Barua yake kutoka makao makuu ilisema atafika Jumatano, na kwa kuwa mji hauna Jumatano, hakuna aliyempokea. Alikaa getini na begi lake tangu asubuhi hadi saa saba, akiangalia watu wanaompita kama wanavyoipita siku yenyewe. Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye sauti ya uji wa moto, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia vijana wanaoishi karibu na majanga watulize mioyo. Alileta kadi zenye nyuso, fomu za kujaza, na pumzi.

"Vuta, moja, mbili, tatu, nne. Shika. Sasa toa."

"Bi Tausi," alisema Semeni, msichana ambaye ulimi wake ulizaliwa siku mbili kabla yake, "mimi bado nimeshika. Ruhusa ya kutoa inatoka wizarani?"

Darasa likacheka. Kufikia jioni wote walikuwa wanamwita Bi Pumua.

Alitandaza kadi mezani: uso wa furaha, wa huzuni, wa hofu, wa hasira. Kila mmoja achague unaofanana na moyo wake. Masika alichukua wa hasira, kisha akachukua wa hasira mwingine.

"Moja inatosha, mwanangu."

"Ya pili ni ya Siwema. Na fomu pia nipe mbili. Yeye nilipo mimi yupo."

Bi Tausi akamtazama, akatazama daftari la mahudhurio, akahesabu majina arobaini na mawili na vichwa thelathini na kimoja. Akampa fomu mbili.

"Nina swali," Masika alisema. "Tukishatulia, mlima nao utatulia?"

Lile neno. Mlima. Wanafunzi wawili waliziba masikio.

"Mlima siwezi kuutuliza. Nimekuja kwa ajili yenu."

"Kwa hiyo umekuja kubembeleza vifaranga, mwewe umemwacha juu. Vifaranga wakifa watulivu, wewe utaandika ripoti nzuri."

Bi Tausi alikusanya kadi zake polepole, akakaa juu ya dawati, jambo ambalo mwalimu hafanyi. "Unaogopa nini hasa? Usinipe jibu la kwenye fomu."

Masika alitaka kumrushia neno lingine, lakini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, na swali ambalo halijawahi kuulizwa lina nguvu ya kumshika mtu kola. "Mlima siuogopi," alisema. "Sijawahi kuuona. Naogopa ule ukuta. Nikikaa, mgongo wangu unausikiliza. Nikilala, mgongo haulali. Mwalimu anasema utulivu, na mimi natulia mbele, nyuma sitatulia mpaka nife." Akaangalia wenzake. "Na ndiyo, nimesema nife."

"Mimi pia," alisema mtu nyuma. "Hata mimi," akasema mwingine. Ilikuwa kama mahudhurio, ila safari hii kila mtu aliitika kwa mdomo wake.

"Nilipewa mizani ya kupimia hofu yenu," Bi Tausi alisema. "Hakuna aliyeniambia nipime ukuta."

Akaenda kumwona Mwalimu Pazi. Masika alimfuata na rundo la madaftari ya kusahihishwa, kwani mtu aliyebeba madaftari haonekani. Mwalimu Pazi alikuwa ofisini, kiti chake kikiupa mlima mgongo, na mgongo wake, Masika aliuona kwa mara ya kwanza, ulikuwa umekakamaa kuliko wa mtoto yeyote.

"Bi Tausi, tumekuita uwatulize wanafunzi. Adabu za ukweni tuachie wenyewe."

"Mwalimu, mtu anayeogopa kitu kilicho nyuma yake, dawa ya kwanza ni kumgeuza akione."

"Wamwone Mkwe wao? Uchi?"

Akajing'ata ulimi. Neno lilikuwa limeshatoka, limekaa mezani kati yao kama chura. Masika aliweka madaftari chini, akatoka, na nje ya mlango akasimama. Uchi. Kama hatazamwi, nani kamwambia kwamba yuko uchi?

Ndipo kipindi cha utulivu kikapata kazi. Semeni alileta nondo, kipande cha urefu wa mkono, ameifunga pajani chini ya sketi, akitembea kama askari mwenye jeraha la vita. "Shoga, nikianguka nayo hii, mniandikie kwamba nimekaribishwa." Bi Tausi aliiona. Akageukia ubao, akaanza kuandika tarehe, akaiandika kwa muda mrefu sana.

"Vuteni," alisema akiwa amewapa mgongo. "Moja, mbili, tatu, nne. Shikeni. Toeni. Kwa sauti, tafadhali. Kwa nguvu zote."

Watoto thelathini wakapumua nje kama ng'ombe waliotoka mtoni, na ndani ya pumzi hiyo Masika akapiga tofali la ukuta wa nyuma kwa nondo. Vuta. Shika. Toa, gonga. Vuta. Shika. Toa, gonga. Nje, Mwalimu Pazi alipita kwenye korido, akasikia darasa zima linavyopumua, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kwenye kitabu chake kwamba mafunzo yanaendelea vizuri. Ndiyo raha ya wakubwa: wape sauti ya utii, hawatauliza mkono unafanya nini.

Alipiga kwa mkono wa kushoto mpaka ukachoka. Akabadilisha. Na wa kulia, mkono wake mwenyewe aliokuwa ameuacha miaka yote hiyo ukibeba kikombe tu, ulikuwa na nguvu ambazo hakuzijua. Kila pigo lilikuwa na jina. Hili la baraza na chai yake. Hili la kalamu isiyoinuka kwenye karatasi hata ukuta ukinguruma. Hili la neno karibu, neno zuri la watu, lililovishwa maiti kama kofia. Hili la karanga. Hili la karanga. Hili la karanga.

Tofali lilianguka upande wa nje, na mwanga ukaingia, wa upande ambao hawajawahi kuupata.

Mlima ulikuwa pale. Karibu kuliko walivyodhani. Ungeweza kuurushia ndala. Haukuwa na uso. Haukuwa na mti hata mmoja. Kutoka kitovuni hadi kileleni palikuwa na visiki, maelfu, vimepangana kama ndevu za siku mbili, na katikati ya visiki udongo mwekundu uliochubuka, na juu kabisa ufa mrefu uliojipinda.

"Kumbe Mkwe ana upara," alisema Semeni. Watu wakacheka, wakacheka mpaka wengine wakalia, na waliolia hawakufutwa na mtu.

Masika hakucheka. Alikuwa anakumbuka jinsi wakata mbao wa mji wanavyopanda kule: kinyumenyume, uso chini, kwa heshima, shoka linapigwa nyuma ya bega mtu akiangalia miguu yake. Wimbo wao wa kazi unasifu adabu zao. Akatazama dawati alilokalia. Akatazama kenchi ya paa. Mbao. Akawaza meza ya baraza iliyowekewa chai. Mbao. Walimvua nguo mzee wa watu, kipande kwa kipande, mwaka baada ya mwaka, halafu wakasema tusimtazame, ana aibu. Aibu ilikuwa ya nani? Mtu anayeiba nguo za mkwe wake ana sababu nzuri sana ya kuwafundisha watoto kutotazama.

Mlima haukuwa adui. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa amekaza meno miaka yote dhidi ya mzee aliyeibiwa.

Mwalimu Pazi aligundua siku iliyofuata. Aliingia darasani ubavu ubavu kama kaa, uso kauficha kwa daftari. Akaagiza fundi alizibe tundu mara moja. Na hapo, ndugu yangu, adabu ikajinyonga kwa kamba yake yenyewe, kwa sababu huwezi kuziba tundu bila kulitazama, na ukilitazama unamwona Mkwe. Fundi alijaribu kwa mgongo. Alirusha udongo wa saruji nyuma ya bega, ukampata msaidizi wake sikioni. Msaidizi naye akajaribu akiwa amefumba macho, akaziba sufuria yao ya chakula. Wakaondoka wamekasirika. Mwisho likatundikwa pazia la kanga. Pazia, kama unavyojua, linafunguka.

Wanafunzi wakapanga zamu ya jicho. Kila kipindi mmoja anakaa tunduni, kengele ya mkono pajani, anautazama ufa, anaandika kwenye daftari: umepanuka kiganja, maji yamekuwa mekundu, mbuzi wameshuka wenyewe. Bi Tausi akaacha kadi zake begini. Akawafundisha kutoka wakihesabu hatua kwa zile pumzi walizokuwa wanazicheka: hatua nne vuta, nne shika, nne toa, mpaka uwanja wa mpira, ulioinuka pembeni, mbali na njia ya tope. Ajabu ni kwamba waliotazama hatari kutwa nzima ndio walianza kulala. Fundi wa meno akamwambia Masika, naona umeacha kutafuna.

Mvua ikaja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ilikuwa Jumanne ya Pili.

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi Mwalimu Pazi alisimama mbele ya darasa na daftari lake. Bi Tausi alikuwa mlangoni. Zamu ya jicho ilikuwa ya Semeni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Semeni alizungumza bila utani.

"Mwalimu, ufa umefunguka. Mto umekauka."

"Kaa chini, tumalize mahudhurio." Kalamu ikashuka kwenye mstari. "Siwema."

Muda haukusimama, muda ulirudi, ukakaa kwenye kiti chake cha zamani, ukafungua karanga. Mdomo wa Masika ukafunguka wenyewe kama ulivyozoea. Akaiona kalamu ya mwalimu imeganda juu ya jina, na akaelewa kwamba huyu mzee hajawahi kutoka kwenye asubuhi ile, amekaa humo miaka yote akimsubiri msichana amalize neno.

"Siitiki," alisema.

"Siwema."

"Ulimwita, mwalimu. Alifungua mdomo. Tope likaingia. Mimi sitammalizia tena. Semeni, piga kengele."

Kengele ikalia. Walisimama wote kwa pamoja, bila kukimbia, hatua nne vuta, nne shika, nne toa, wakipita mlangoni wawili wawili, kengele nyingine zikiitikia darasa kwa darasa, hadi shule nzima ikawa inapumua kuelekea uwanjani. Mwalimu Pazi alibaki pale pale na daftari lake. Masika akarudi, akamshika mkono wa shati kama unavyomshika mzee barabarani, akamvuta. Alikuwa mwepesi. Hasira yote aliyokuwa amemwekea ilitarajia mtu mzito zaidi.

Hawakuwa wamefika golini Mkwe alipoteremka. Aliingia kwenye darasa la Kidato cha Pili kupitia tundu lile, akalipanua likawa ukuta mzima, akayachukua madawati yake, akachukua kenchi zake, mbao zake zote, akaenda nazo.

Baadaye walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wamelowa, Bi Tausi akipita katikati yao akigusa vichwa. Mwalimu Pazi alifuta daftari kwa mkono wa shati. "Mkwe ametuhurumia," alisema.

"Hakutuhurumia," Masika alisema. "Tulimwona."

Mzee alifungua ukurasa mpya, akaita majina, na kila mtu akaitika lake. Alipofika kwa Masika ilitoka sauti moja, nyembamba kidogo, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi. Alipofika kwa Siwema alisimama, akainua macho.

"Amekufa, mwalimu," Masika akasema.

Nyuma yao mama mmoja kati ya wazazi waliopanda mbio kutoka sokoni alianza kulia, kilio kilichokuwa kimesubiri muda mrefu, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwalimu Pazi akaandika neno lile. Akaliandika mara kumi na moja, jina kwa jina. Kisha kalamu ikapanda juu ya ukurasa, penye nafasi ya siku, ikaandika Juma, ikakwama.

Masika akainama karibu na sikio lake. Walikuwa wameelekea mlimani wote wawili.

"Tano, mwalimu," alimwambia taratibu, kama unavyomsomea mtoto imla. "Andika. Jumatano."